Kamera ndogo ya mkanda: namna ya kuichagua ukiwa Dodoma bila kurudi na picha tupu

Kila baada ya wiki chache mtu ananiletea kamera ya aina ileile. Ndogo, nyeusi, imefutwa vumbi ikang'aa, imenunuliwa mnadani au kwenye rundo la mitumba, na muuzaji aliapa kuwa ni nzima. Mkanda wa filamu umetiwa, send-off imepigwa, mkanda umepelekwa kusafishwa (kutiwa dawa ili picha zitokee), umerudi mtupu. Hakuna bibi harusi, hakuna keki, hakuna shangazi na vitenge vyake.

Mara nyingi kosa lilitendeka siku ya kununua, katika zile dakika kumi ambazo mnunuzi alisoma jina la kamera akasahau kufungua mlango wa betri. Mwongozo huu ni wa dakika hizo kumi, pamoja na maandalizi yanayozitangulia na mkanda wa majaribio unaozifuata. Unahusu kamera za mkanda wa milimita 35 zinazojipimia mwanga na kujilenga zenyewe, zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unainua, unabonyeza, umemaliza.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ya kwanza ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowagharimu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Betri mbili mpya za AA za alkalini. Ni umbo lile la betri za rimoti na saa ya ukutani, ila zisiwe zile za bei ya chini kabisa. Hizo zinaendesha saa mwaka mzima lakini flashi zinaishindwa.
- Betri moja ya CR123A, kama unaweza kuipata. Ni nene, fupi, ya volti 3.
- Simu yenye tochi.
- Mkanda wa kuchezea: uliokwisha muda au ulioungua, yaani ulioingiwa na mwanga. Wapiga picha wa zamani huwa nao kwenye droo, na wengi watakupa bure.
- Sarafu. Vifuniko vingi vya betri hufunguliwa kwa sarafu.
- Pamba za masikio, siki nyeupe au limao, na kitambaa laini.
- Mkanda mmoja mpya wa rangi, ISO 200 (ISO ni namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga). Huu unabaki nyumbani mpaka hatua ya 6.
- Daftari na kalamu.

## Hatua ya 1: Tafuta wa kusafisha kabla ya kutafuta kamera

Studio nyingi zinazopiga picha za pasipoti leo hazigusi mkanda kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, piga simu au tembea, uulize maswali manne:

1. Mnasafisha mkanda wa rangi hapahapa, au mnautuma kwingine?
2. Mara ya mwisho mlisafisha lini?
3. Mnaskani, na mafaili mnayatoa kwa ukubwa gani?
4. Negativu zangu, yaani mkanda wenyewe uliokwisha kusafishwa, narudishiwa?

Swali la pili linaonekana la kichokozi, lakini lina sababu. Mkanda wa kawaida wa rangi husafishwa kwa njia iitwayo C-41: dawa ya kwanza inapaswa kuwa nyuzi joto 37.8, na mkanda hukaa humo dakika 3 na sekunde 15. Mahali panaposafisha mkanda mmoja kwa miezi mitatu, dawa huwa imechoka, na rangi zitatoka za ajabu hata kamera ikiwa mpya kutoka kiwandani.

Mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe unahitaji dawa nyingine kabisa. Ukiupeleka mahali pa C-41 bila kusema, umeupoteza. Ilford XP2 Super ni tofauti: ni wa nyeusi na nyeupe lakini husafishwa kwa C-41 kama wa rangi.

Kama hapa mjini hukupata wa kuaminika, ulizia Dar es Salaam au Arusha. Mkanda ni mwepesi, unakwenda kama kifurushi cha basi. Ila ongeza nauli yake kwenye hesabu.

Onyo: ndugu anayekuletea mikanda kutoka nje asiiweke kwenye sanduku linaloingia tumbo la ndege. Mashine za kukagulia mizigo hiyo zinaiharibu. Aibebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono.

Utajua umefaulu ukiwa na mambo matatu kwenye daftari: mahali, bei ya mkanda mmoja kuanzia kuununua mpaka kuskaniwa, na siku za kusubiri. Kanuni yangu ni kwamba kamera ya kwanza isizidi gharama ya mikanda mitatu ya namna hiyo. Anayemaliza fedha zote kwenye kamera huishia kuiweka kwenye rafu na kuipiga picha kwa simu.

## Hatua ya 2: Chagua betri, kisha kamera

Hapa ndipo ushauri wa watu wa Tokyo au London unapotupotosha sisi. Wao wakitaka CR123A wanavuka barabara.

AA unaipata popote, hata duka la Mpunguzi linalouza chumvi na vocha. Zile ndogo za kitufe, LR44, ulizia kwa fundi saa. CR123A, CR2 na 2CR5 huenda zikakulazimu kuagiza, na kamera ikizima katikati ya sherehe huna pa kukimbilia. Kwa hiyo kwa mtu wa Dodoma, Singida au Manyoni naanza na swali moja tu: inatumia AA? Ikijibu ndiyo, tunaendelea kuzungumza.

Si kwamba kamera ya CR123A ni mbaya. Betri moja hukaa mikanda mingi. Ukiitaka, nunua betri mbili siku hiyohiyo, moja iingie na nyingine ikae kwenye mkoba.

## Hatua ya 3: Mitego mitatu

Mtego wa mkanda usiokuwepo. Mwaka 1996 zilitoka kamera za mfumo wa APS. Ni ndogo, nzuri, za chuma kinachong'aa, na mnadani huuzwa bei ya kutupa. Mikanda yake iliacha kutengenezwa mwaka 2011. Canon IXUS za mwanzo, Kodak Advantix, Nikon Nuvis na Fujifilm Nexia zote ni kundi hilo. Utaitambua hivi: mkanda unaingilia kwenye kitundu kidogo cha chini, na mgongo wa kamera haufunguki wote kama mlango. Irudishe mezani.

Mtego wa kamera bubu. Kamera ya kujilenga huwa na vidirisha viwili vidogo vya ziada usoni, mbali na lenzi na kile cha kuchungulia. Kamera bubu haina: lenzi yake ni plastiki, haisogei, na tundu la mwanga ni lilelile jua likiwa utosini au likizama. Nyingine zimeandikwa "Auto" kwa herufi kubwa, zina jina linalofanana na la kampuni maarufu kwa herufi moja au mbili, na ndani zimewekewa kipande cha chuma ili mkononi zionekane nzito za maana. Uzito usikudanganye.

Mtego wa zumu ndefu. Mtu akiona 38–140, yaani milimita za lenzi, anaona thamani. Chukua Olympus mju Zoom 140: lenzi ikiwa fupi inafunguka f/4, ikivutwa mpaka mwisho inabaki f/11 (namba ya f ikipanda, tundu la mwanga linapungua). Mwanga unaoingia ni kama sehemu moja ya nane. Saa sita mchana utapata picha. Saa kumi na mbili jioni, hata na mkanda wa ISO 400, utapata ukungu wa mikono inayotetemeka. Juu ya hilo, mrija wa zumu unaotoka na kuingia ndio mlango wa vumbi, na vumbi letu la Agosti unalijua. Chembe moja ya mchanga kwenye meno ya ndani, lenzi imekwama nje kama ulimi.

Chukua lenzi isiyovutika, 35 au 38. Kamera ikiwa na kifuniko kinachoteleza mbele ya lenzi, bora zaidi.

## Hatua ya 4: Majina machache

Sitaorodhesha kamera hamsini. Hizi nazijua na zinaendana na hatua ya 2.

Nikon L35AF ya mwaka 1983 ndiyo ningempa mdogo wangu: lenzi ya 35 f/2.8, betri mbili za AA. Flashi huchomoza yenyewe mwanga ukipungua, na usipoitaka unaizuia kwa kidole. Kasoro yake ni kwamba ISO unaizungusha mwenyewe kwenye pete ya lenzi, na watu husahau. Canon AF35M ya 1979 (kwingine huitwa Sure Shot au Autoboy) nayo ni ya AA mbili, ina lenzi ya 38 f/2.8, na mota yake inapiga kelele kama mashine ya kukobolea. Kwenye ibada ya mazishi usiitoe. Konica C35 AF ya 1977, kamera ya kwanza ya kujilenga kutengenezwa kwa wingi, na Pentax PC35AF ya 1982 ziko familia hiyohiyo: AA mbili, f/2.8, umbo la tofali.

Olympus mju ya 1991 na mju II ya 1997 zinaingia mfuko wa shati na lenzi zake ni kali kweli. Zinatumia CR123A. Mju II imepandishwa bei na sifa, na kila ukiifunga husahau ulichochagua kwenye flashi, ikarudi kujiamulia.

Contax T2 na jamii yake, sina ugomvi na mwenye nazo. Lakini kamera inayobebwa na saketi ya umri wa miaka zaidi ya thelathini, isiyo na vipuri, kwa bei ya pikipiki? Hapana.

Asiyetaka kabisa habari za betri aitafute Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984. Inajipimia mwanga kwa seli inayozunguka lenzi, bila betri yoyote. Haijilengi: unachagua alama ya mtu mmoja, wawili, kundi au mlima. Kuipima ni rahisi. Funika lenzi kwa kiganja, bonyeza. Kialama chekundu kikichomoza kwenye kidirisha na kamera ikakataa kupiga, seli ni hai. Kamera inayopiga gizani bila kubisha imekufa.

## Hatua ya 5: Ukaguzi mbele ya muuzaji

Kabatini mwa ndugu ndiko kamera nzuri hulala. Kabla ya kwenda mnadani au soko la Sabasaba, muulize mjomba aliyekuwa mtumishi miaka ya themanini na tisini. Ukipewa au ukinunua, ukaguzi ni uleule.

Muuzaji atasema, "Bosi, hiyo ni mashine ya Mjapani, haifi hiyo." Jibu kwa upole: "Sawa kaka, naomba niijaribu na betri zangu." Akikataa, una jibu lako.

1. Kabla ya kufungua mgongo, tazama dirisha. Kamera nyingi zina kijidirisha mgongoni kinachoonyesha kama kuna mkanda. Ukiuona, usifungue. Tia betri, tafuta kitufe kidogo cha kurudisha (mara nyingi kimezama, unakibonyeza kwa ncha ya kalamu) na usubiri mota inyamaze. Huenda ndani mna picha za ubatizo wa mtoto ambaye sasa ana wajukuu.

2. Chumba cha betri. Fungua kwa sarafu. Vyuma viwe vinang'aa. Utando mweupe au wa kijani ni maji ya betri yaliyovuja. Kiasi kidogo husafishika kwa pamba yenye siki au limao, kisha unakausha kabisa. Chuma kikiwa kimeliwa mpaka kimekatika, acha. Maji hayo huwa yameshapanda mpaka kwenye nyaya usizoziona.

3. Tia betri, washa. Sikiliza. Lenzi itoke bila kusuasua, taa au kioo cha namba kiwake.

4. Shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga) na tundu la mwanga. Hapa ndipo tone la fedha zako linapookolewa. Fungua mgongo, elekeza lenzi kwenye ukuta uliopigwa na jua, chungulia kutoka nyuma, bonyeza. Utaona kitundu kidogo kikimulika na kutoweka kwa kufumba na kufumbua. Sasa elekeza chini ya meza penye giza, flashi ikiwa imezimwa au umeizuia. Kitundu kiwe kikubwa na kikae wazi muda mrefu kidogo. Ukiona tofauti hiyo, shata inafanya kazi na kipima mwanga kiko hai, yote kwa mara moja. Usipoona mwanga kabisa, shata imeganda: kamera italia klik, mota itavuta, na picha zote 36 zitatoka tupu. Hii ndiyo iliyowapata wengi wanaonijia.

Baadhi ya kamera hazipigi zikiwa bila mkanda. Ndiyo maana ulikuja na wa kuchezea; ukishautia utasikiliza tu, ila tofauti ya sauti kati ya juani na gizani bado inasikika.

5. Lenzi. Washa tochi ya simu, imulikie lenzi kwa pembeni. Vumbi chache si kitu. Mikwaruzo midogo mbele haionekani kwenye picha. Unachokiogopa ni ukungu: nyuzi kama za buibui ndani ya kioo. Kamera zilizokaa Dar, Tanga au Zanzibar huugua ukungu kwa sababu ya unyevu. Zilizokaa huku kwetu hukauka vizuri lakini huja na mchanga. Muulize muuzaji ilikotoka. Mara nyingi atakuambia ukweli kwa kuwa hajui kwa nini unauliza.

6. Kujilenga. Bonyeza kitufe nusu, ushikilie. Kamera nyingi huwasha taa ya kijani, au mshale ndani ya kidirisha husogea. Fanya hivyo kwa kitu cha mita moja, kisha kwa jengo la mbali. Pasipo taa wala mshale, tega sikio karibu na lenzi: mwendo wa karibu na wa mbali una mlio tofauti.

7. Mota. Tia mkanda wa kuchezea, vuta ulimi wake mpaka kwenye alama (mara nyingi nyekundu au ya rangi ya chungwa), funga. Kamera ivute yenyewe na kuonyesha 1. Piga sita au saba. Kisha bonyeza cha kurudisha. Isirudishe nusu ikaishiwa pumzi.

Usishtuke ukikuta kamera ya Fujifilm imevuta mkanda wote mara tu ulipofunga, kisha inahesabu kurudi nyuma. Nyingi zao hufanya hivyo. Kila picha iliyopigwa inaingia kwenye kopo, kwa hiyo mtoto akikufungulia mlango umepoteza zilizobaki tu.

8. Flashi. Taa ya "tayari" iwake ndani ya sekunde kumi hivi kwa betri mpya. Ikichukua nusu dakika, flashi inazeeka.

9. Sponji. Pitisha pamba kwenye mfereji wa mlango. Sponji nyeusi za zamani hugeuka lami. Hili halinizuii kununua, linanipunguzia bei tu. Nyumbani utazikwangua na kulaza uzi mweusi wa kufumia sweta kwa gundi kidogo, na mwanga hautapita.

Onyo: usiifungue kwa bisibisi, wala usimpe fundi redio asiyewahi kugusa kamera. Kapasita ya flashi hubeba zaidi ya volti 300 na inaweza kukurusha hata betri zikiwa zimeshatolewa.

Ikifeli 2, 4 au 7, iache, au inunue kwa bei ya pambo. Mengine yanajadilika.

## Hatua ya 6: Mkanda wa majaribio

Usianze na harusi ya mtu. Naomba nirudie: usianze na harusi ya mtu. Mimi nilianza na kipaimara cha mpwa wangu, ulimi wa mkanda haukushika, nikapiga hewa asubuhi nzima huku namba zikipanda vizuri. Dada yangu bado analitaja.

Kutia mkanda. Simama kivulini, upepo uwe mgongoni kwako. Chembe ya mchanga kwenye mlango huchora mstari mmoja kuanzia picha ya 1 hadi ya 36. Mkanda ukitoka kwenye friji, uache nje saa moja au zaidi kabla ya kuufungua, usije ukatoa jasho. Na usiiache kamera kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Joto linapika rangi.

ISO. Tangu 1983 makopo ya mkanda yana miraba midogo myeusi na ya fedha, alama za DX, ambazo kamera za baadaye huzisoma zenyewe. Za mwanzo kama L35AF na AF35M haziwezi, unaweka kwa mkono. Kwa mchana wa Dodoma, ISO 200 inatosha na kubaki. Kwa ukumbini na usiku, 400. Ukishindwa kuamua, kumbuka kwamba mkanda wa rangi huvumilia mwanga kuzidi kuliko kupungukiwa.

Utajua mkanda umeshika namba ikisimama 1 bila kupepesa. Kwenye kamera yenye kishikio cha kurudishia juu kushoto, kizunguke kila mkanda unaposogea. Kisipozunguka baada ya picha mbili, unapiga hewa.

Sasa piga kwa makusudi, na uandike kila picha daftarini:

- Nyerere Square saa nne asubuhi, jua likiwa nyuma yako. Hii ni ya kulinganishia nyingine.
- Mtu amesimama chini ya mbuyu saa saba mchana, anga jeupe nyuma yake. Piga mbili: moja kamera ijiamulie, nyingine uilazimishe flashi kwa alama ya radi. Kipima mwanga huliona anga, kikadhani pana mwanga tele, kikauacha uso wa ndugu yako mweusi kama kivuli. Flashi ya mchana ndiyo dawa, na ndiyo siri ya picha za kivulini zinazopendeza.
- Watu wawili mbele ya ukuta, wakiwa na nafasi katikati yao. Piga kawaida kwanza. Kisha mlenge mmoja, bonyeza nusu, shikilia, rudisha kamera katikati, malizia kubonyeza. Katika ya kwanza utapata ukuta mkali na watu wenye ukungu.
- Dirisha la basi au la treni. Kamera nyingi hujilenga kwa mionzi ya infraredi, na kioo kinaweza kuirudisha, kamera ikadhani kitu kiko sentimita ishirini. Kama ina alama ya mlima, itumie hapo.
- Zabibu shambani kwa karibu, Hombolo au popote ulipo. Nyingi haziwezi chini ya sentimita 80 hivi. Mju II inafika 35. Pima kwa hatua moja ya mguu.
- Sebuleni usiku kwa flashi: mita mbili, nne, sita.

Kuhusu hiyo ya mwisho: kwa flashi yenye namba ya nguvu 10 na lenzi ya f/2.8, gawanya, unapata kama mita tatu na nusu kwa ISO 100. ISO 400 inakupa mara mbili yake. Zaidi ya hapo unamulika vumbi tu. Waliokaa viti vya nyuma ukumbini wasogezwe, au wasahauliwe.

Wazee vijijini wasalimie kwanza kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na uombe ruhusa kabla ya kuinua kamera. Kambi za jeshi na Ikulu ya Chamwino usizielekezee lenzi hata kwa utani.

## Hatua ya 7: Soma negativu, usisome skani peke yake

Skani hupambwa na mashine. Negativu haidanganyi. Ishike mbele ya dirisha.

Mkanda mtupu, lakini maandishi ya pembeni yanaonekana. Jina la mkanda na namba za fremu huwekwa kiwandani, na hujitokeza mkanda ukisafishwa sawasawa. Kwa hiyo msafishaji hana kosa. Ama ulimi haukushika, ama shata haifunguki. Rudia ukaguzi namba 4 na 7.

Mkanda mtupu na hakuna maandishi yoyote. Dawa imekufa au imekosewa. Hapo una haki ya kurudi dukani na kuuliza kwa sauti.

Mkanda mweusi mzima. Umeungua: umeingiwa na mwanga. Mlango ulifunguliwa, au ulitolewa kabla haujarudishwa.

Michirizi ya rangi ya chungwa kwenye picha, mahali palepale. Sponji. Nunua uzi.

Mstari mmoja mrefu uliokwaruzika. Mchanga. Safisha kwa kitambaa laini sahani inayokandamiza mkanda, na njia yake yote.

Picha zinapandana. Mota inachoka. Badilisha betri kwanza kabla ya kuihukumu kamera.

Picha za mbali ni kali, zile za karibu zote zina ukungu. Umevuka umbali wa chini, au fokasi imekwama mbali. Linganisha na daftari. Ndiyo sababu uliandika.

Picha thelathini na kitu zikitoka sawa, kamera hiyo ni yako. Kata kipande cha plasta, andika tarehe ulipotia betri, kibandike chini ya kamera. Usipopanga kuitumia kwa mwezi mzima, zitoe. Betri zilizosahaulika ndizo zilizoua kamera nzima nzima kabla hazijafika mnadani. Halafu mpigie dada, umuulize kipaimara kinachofuata ni cha nani.